Dismas Aliyechezeshwa Nyuma

Ukitaka kugombana na Dullah wa Kariakoo, huna haja ya kumtukana. Mwambie tu kwamba Dismas hakuwa beki. Hapo hapo atasukuma bakuli lake la tambi, atajifuta mdomo, na kukuuliza kama una cheti cha ukocha. Mimi sina. Ila marehemu baba yangu alikuwa golikipa wa timu ya mtaa pale Ilala, na nimekua nikikaa nyuma ya goli lake, nimemshikia saa na viatu vyake vya kazini. Najua beki anavyosimama. Najua pia anavyosimama mtu aliyewekwa nyuma hali moyo wake uko mbele. Nimemweleza Dullah hayo kwa mdomo, kwa mikono, na kwa kupiga meza, na bado anang'ang'ania lake.

Ubishi wetu ulikuwa na mahali pake: mgahawa wa Waislamu wa Kichina katika barabara ya Huanshi Zhonglu, ambako mwenye duka huvuta tambi kwa mikono mpaka zinakuwa nyuzi. Miaka hiyo ya tisini mwishoni, wafanyabiashara wa Kitanzania tuliokuwa Guangzhou tulikuwa wachache, tunajuana wote. Mchana tunazunguka maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu, mimi natafuta jinzi na nguo za watoto, Dullah anatafuta viatu. Jioni tunakutana pale kwa ajili ya nyama halali. Na Jumamosi, kama hakuna kontena linalofungwa bandarini Huangpu, tunakwenda kuwatazama wanafunzi wa kwetu wakicheza mpira. Starehe yetu ilikuwa hiyo tu. Unakaa katika mji wa watu, husikii wanachosema, lakini ukimwona kijana wa kwenu anakokota mpira unapata nguvu ya wiki nzima.

Dismas alikuwa mmoja wa vijana hao. Alitoka Songea, mtoto wa katekista, akaja kwa udhamini wa serikali kusomea ujenzi wa madaraja. Mrefu, mwembamba, mwenye miguu inayoonekana mizito mpaka mpira umfikie. Maneno hana. Mechi ikiisha wenzake wanakimbilia maji, yeye anapita uwanjani anakusanya jezi za kufuliwa bila kutumwa. Alituambia siku moja, tena baada ya kubanwa, kwamba nyumbani alikuwa namba kumi, kuanzia shule mpaka timu ya mkoa. Hakulirudia tena. Na katika Guangzhou nzima, mtu aliyewahi kumwona akiivaa hiyo namba kumi alikuwa mmoja tu, Thadeo.

Thadeo alisoma naye shule moja huko Songea, akamtangulia China kwa miaka michache. Alikuwa anasomea udaktari, kijana mtanashati, Kichina kinamtoka kama alizaliwa nacho. Alipofika Dismas, Thadeo ndiye aliyekwenda kumpokea stesheni. Alimpa blanketi lake mwenyewe. Alimpikia ugali kwa unga alioutafuta mji mzima. Alimfundisha basi la kupanda na chakula cha kukwepa. Akamchukua kwa mkono mpaka kwa Kocha Lin, mwalimu wa timu ya chuo, akamwombea nafasi. Namba kumi ya timu ile alikuwa Thadeo mwenyewe.

Sasa sisi tukiwa ugenini tuna utaratibu wetu, na mtu wa nje hawezi kuuelewa. Aliyekupokea ndiye anayekusemea. Anakusemea kwa polisi wa viza, anakusemea kwa mwenye nyumba, anakusemea kwa mwalimu, na wewe unasimama pembeni mikono nyuma. Hata ukishajua lugha, humruki mwenyeji wako. Ukimruka utaitwa mjuaji, msahaulifu, na habari zitafika kwenu kabla ya barua yako. Dullah mwenyewe mpaka leo akifika dukani na mzee aliyempokea, anamwachia mzee aulize bei, ingawa mzee huyo anajua neno moja tu la Kichina, nalo ni meiyou, hakuna.

Basi Thadeo akawa anamsemea Dismas kwa Kocha Lin. Kocha alikuwa mzee wa Kikantoni, mpole, haachi chupa yake ya maji ya moto, na Kichina chake cha kimtaa Dismas hakukipata kabisa mwaka wa kwanza. Mzee anauliza, Thadeo anajibu, mzee anaitikia kwa kichwa, na Dismas anapewa jezi ya beki wa kulia. Wiki nyingine beki wa kushoto. Stopa akiumia, anakuwa stopa. Golikipa akiwa na mtihani, Dismas anavaa glavu. Na kokote alikowekwa alicheza, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, ukipewa kazi unaifanya.

“Huyu ndiye mchezaji kiraka,” Dullah anasema. “Timu yenye kiraka haifungwi.”

“Kiraka kinashonwa palipochanika nguo ya mwenzio,” namwambia. “Umewahi kuona nani ananunua kiraka? Mimi nauza nguo, Dullah. Naongea ninachokijua.”

“Kwa hiyo unajua kuliko kocha?”

“Kocha anamjua vipi, wakati hajampa hata dakika kumi za mbele?”

“Kocha anampenda, dada Sihaba. Humwoni?”

Na kweli ilionekana hivyo. Kila mapumziko, Kocha Lin alikuwa anamimina kikombe cha kwanza cha maji ya moto na kumpelekea Dismas. Anamgonga kifuani kwa vidole viwili, anatikisa kichwa, anasema jambo. Wachezaji wengine hawapewi. Dullah alikuwa ananiashiria kwa kidevu, kwamba unaona, mzee anambembeleza beki wake.

Mwaka wa pili Dismas alijaribu kujisemea, siku ambayo Thadeo hakuja mazoezini. Alitunga sentensi yake usiku kucha, ya Kichina cha darasani, kwamba naomba kucheza mbele. Kocha akamtazama kwa huruma, akamgonga kifua, akasema taratibu, taratibu. Dismas alikuja kunieleza jioni yake.

“Dada, mzee anaona sijaiva.”

“Umemwambia Thadeo azungumze naye vizuri?”

“Kaka Thadeo amezungumza naye kila msimu. Mzee hataki.”

Wakati huo nilikuwa nimeanza kumtumia Dismas kama mkalimani wangu kule Guangyuan Xilu, na hapo ndipo nilipomjua hasa. Wakalimani wengi wanachuja. Wanakwambia wanachoona utapenda, mwisho unafungua kontena Dar unakuta rangi nyingine. Dismas hachuji. Siku moja laoban mmoja, tajiri wa jinzi, alisema kwamba huyu mama mnene ana maneno mengi kuliko mtaji. Dismas akanitafsiria lote, uso umemwiva kwa aibu. Nikamuuliza kwa nini asiliruke hilo moja. Akasema, “Amekwambia wewe, dada. Siyo yangu hayo.”

Ikaja fainali ya vyuo, mwaka ule wa Kombe la Dunia kule Ufaransa. Habari zilizagaa kwamba atakuja mtu wa klabu moja ya daraja la pili kutoka jimbo jingine, anatafuta mshambuliaji wa kigeni wa kumjaribu wakati wa likizo. Dismas, ambaye haombi kitu, aliomba. Nilikuwepo. Alimwambia Thadeo pale pale mgahawani, “Kaka, niombee mechi hii moja tu. Nikishindwa sitasema tena.”

Thadeo alimshika bega. “Dogo, nitamwambia kama ninavyomwambia ndugu yangu.”

Siku ya fainali Dismas alivaa jezi namba mbili. Thadeo alikuja kutuambia, amekunja uso, kwamba amembembeleza mzee mpaka amechoka, mzee amekataa. Dismas akamshukuru. Akaingia uwanjani akamfunga kamba winga wa wapinzani, yule mtoto hakufurukuta mpaka filimbi ya mwisho. Thadeo alifunga bao moja, la mpira uliomponyoka kipa mikononi, na yule mgeni wa klabu akaandika kitu akaondoka. Wiki iliyofuata Thadeo aliitwa kwenye majaribio. Aliyembebea begi mpaka stesheni alikuwa Dismas.

Hakuchukuliwa. Alirudi na koti la ile klabu, jekundu lenye mistari mabegani, na hakulivua tena. Akawa anatusimulia mazoezi ya kule, jinsi alivyokosa nafasi kidogo tu, na Dismas anasikiliza, anauliza maswali, kama mtu anayeulizia nchi ambayo hataifika.

Mwaka uliofuata Thadeo alihitimu. Tukamwandalia chakula cha mchana cha kumuaga pale Huanshi Zhonglu, mimi na Dullah na wanafunzi wachache, na Kocha Lin akaalikwa. Ilikuwa Julai, joto la kuchemsha ubongo, na Thadeo kaja na lile koti. Nilikuwa nimemkabidhi mzigo wa mama yangu apeleke, vitenge na dawa za miguu, umekaa kando ya kiti chake. Nasema hili ili ujue kwamba tulimpenda. Alikuwa mtoto wetu kama Dismas alivyokuwa mtoto wetu.

Tulipokula tukashiba, Dullah akasimama. Dullah akishiba lazima asimame.

“Leo mwenye timu yupo,” akasema. “Mimi na dada Sihaba tumebishana miaka mitatu. Aulizwe mwenyewe. Dismas alikuwa anachezeshwa mahali pake, au hakuwa?”

“Ya nini hayo, bwana Dullah?” Thadeo akasema. “Mzee amekuja kula.”

“Muulize tu. Nataka dada huyu apumzike.”

Wote tukamgeukia. Thadeo akauliza kwa Kichina, kwa haraka, huku anatabasamu. Kocha Lin alionekana kushangaa. Akaweka vijiti vyake chini, akaanza kueleza, maelezo marefu, macho yake kwa Dismas, na katikati akajigonga kifuani kwa vidole viwili.

“Kocha anasema,” Thadeo akatutafsiria, “Dismas ndiye beki bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha.”

Dullah akapiga makofi. Mimi sikuwa namtazama Dullah. Nilikuwa namtazama Dismas, ambaye alikuwa ameacha kutafuna. Alimwambia kocha jambo, polepole, kwa adabu. Kocha akalirudia lile lile alilolisema, safari hii taratibu zaidi, kama anayemsomesha mtoto. Thadeo akasema, “Dogo, achana na hayo.” Dismas alisimama, akashika ukingo wa meza, na kutafsiri kwa sauti ile ile aliyonitafsiria yule tajiri wa jinzi.

“Kocha anasema: Mnaniuliza mimi? Muulizeni yeye. Kila msimu nilimuuliza Dismas anataka kucheza wapi. Kila msimu alinijibu, kwa kupitia Thadeo, kwamba anaumwa kifua tangu utotoni, akikimbia sana anatema damu. Aliniomba nisimwambie mtu, kwa sababu chuo kikijua kitamrudisha kwao; ninyi ni ndugu zake, ndiyo maana nasema. Nikamhurumia. Nikamweka nyuma, nikawa nampa maji ya moto. Siku alipokuja mwenyewe kuniomba acheze mbele, niliona ni ujana tu unamsukuma. Siku ya fainali nilitaka kumpeleka mbele, liwalo na liwe, yule mgeni amwone. Thadeo akaniambia, mwalimu, usimuue mtoto wa watu.”

Akakaa.

Nilisikia mwenye duka anapiga donge la unga mezani kule jikoni. Nikamuuliza Thadeo kama ni kweli. Hakunitazama mimi. Alimtazama Dismas.

“Dogo, kombe si tulilichukua?”

“Tulilichukua, kaka.”

“Basi.”

“Nilikuwa nakuamini kuliko baba yangu,” Dismas akasema. “Kila siku nilipolala nilikuombea. Na blanketi nililojifunika lilikuwa lako.”

Thadeo angeweza kusema neno moja tu. Angeweza kusema, ndiyo, nilikuona Songea, ulikuwa unanizidi, nikaogopa. Angemwachia angalau hilo. Hakulisema. Alianza kukusanya vitu vyake kama mtu aliyekumbuka basi.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi siku ile nilikiona kimevaa koti jekundu. Mkono wangu ulikuwa umeshashika bakuli la mchuzi, na kama siyo Dullah kunikamata kiwiko ningemmwagia. Nikaona nisimpe hata hilo. Nikazunguka meza, nikauchukua mzigo wa mama yangu kando ya kiti chake, nikaurudisha kwangu. Mama alisubiri dawa yake miezi mitatu zaidi, na nilipomweleza sababu akasema nimefanya vyema.

Kocha Lin, masikini, hakuelewa kwa nini meza imepoa. Akauliza kitu, amemwinamia Dismas. Dismas akamjibu kwa maneno machache, na mzee akafurahi mpaka akampigapiga mgongoni.

“Anasemaje?” nikauliza.

“Ameuliza kifua kinaendeleaje. Nimemwambia kimepona.”

“Humwambii ukweli?”

“Alininyima nafasi kwa kunionea huruma, dada. Nikimwambia leo, ataibeba mpaka kaburini. Amesema msimu ujao nitacheza mbele.”

Thadeo aliondoka wiki ile. Dismas hakwenda kumsindikiza, na hakuna aliyemlaumu.

Msimu ulianza Novemba, baridi ya Guangzhou imeanza kuuma. Tulijaa uwanjani siku hiyo, hata waliokuwa hawajui mpira. Mimi niliahirisha kwenda kwa mwenye kiwanda. Dismas akatoka na jezi namba kumi mgongoni, na nikalia, nakiri, nikajifuta kwa mtandio kabla Dullah hajaona.

Alianza vizuri. Alipokea mpira wa kwanza, akageuka nao, akampitia mtu, na pale pembeni tukasimama wote. Halafu mpira ukapotea katikati, na Dismas akarudi. Alirudi mbio mpaka kwenye boksi letu, akaondoa hatari kwa kichwa. Tukapiga kelele, panda, panda juu. Akapanda. Mpira ukapotea tena, akarudi tena. Kocha Lin alikuwa anamwashiria abaki mbele, naye anaitikia kwa kichwa, lakini wapinzani wakishapata mpira miguu yake inaanza safari ya nyuma kabla yeye hajaamua. Pasi za mbele zikawa zinapita mahali ambapo namba kumi angekuwepo, na hayupo, yuko nyuma anamsaidia beki wa kulia. Mara mbili alibaki na kipa peke yake. Mara zote mbili alitazama pembeni, akatafuta mtu wa kumpa.

“Nilisema mimi,” Dullah akasema. “Beki.”

“Dullah, funga mdomo wako.”

Sikumwambia kwa utani na hakulichukua kwa utani. Mechi ikaisha bila bao.

Watu walipotawanyika, Dismas akaja tulipokuwa. Jasho linamtiririka, fulana imemganda mwilini, na upepo unavuma kutoka upande wa mto. Akanitazama mimi, siyo Dullah.

“Dada Sihaba, hivi mimi nilikuwa namba kumi?”

“Ulikuwa,” nikasema.

“Uliniona wapi?”

Miaka mitatu nimepiga meza kwa ajili ya kitu nisichowahi kukiona. Aliyeona alikuwa ameshafika nyumbani, anavaa koti lake. Nikachukua sweta la Dismas kwenye benchi, nikamnyooshea.

“Vaa,” nikamwambia. “Jasho lisije likakukaukia kifuani.”

Neno hilo la kifua nililisikia lilipokwisha kutoka. Dismas alinitazama kidogo, akalivaa sweta, akaenda kukusanya jezi.